Ombi la Kuwa Hai

Sura ya Saba

"Kura kumi," alisema msajili wa maombi. "Bila kura kumi ombi halifiki kwa mhariri. Ndiyo utaratibu wetu, Afande."

Inspekta aliomba arudiwe, maana kuna maneno ambayo sikio lenye akili hukataa kuyapokea mara ya kwanza.

"Msomaji anayetaka habari za nyota fulani wa zamani anajaza fomu kwenye tovuti yenu."

"Ndiyo."

"Wenzake wakimuunga mkono hadi wakafika kumi, mnamwandika huyo nyota."

"Ndiyo."

"Na nyota mwenyewe akitaka kuwaambia kwamba hajafa?"

Msajili alitazama vidole vyake. "Anajaza fomu. Fomu ni moja tu."

"Naye anasubiri kura kumi."

"Kwa utaratibu, ndiyo."

"Kwa hiyo hapa kwenu," alisema Inspekta, "mtu hawezi kuwa hai mpaka apate wadhamini."

Ofisi ya tovuti hiyo, Nyota wa Jana, ilikuwa chumba kimoja juu ya kibanda cha fundi viatu, na harufu ya gundi ilipanda kupitia nyufa za sakafu ikawakuta wote humo. Kulikuwa na kompyuta mbili, feni iliyofungwa kwa kamba, na kuta zilizojaa nyuso za watu wazuri waliokwisha kusahaulika. Chini ya uso mmojawapo, uliozungushiwa utepe mweusi, alikaa mwenye uso wenyewe, gongo lake kalilaza magotini. Alikuwa ameambiwa kwamba kiti kile ndicho kizuri kuliko vyote, lakini kilikuwa kimechomoza msumari.

Enzi zake walimwita Chozi, na jina hilo lilimganda hadi uzeeni. Waigizaji wengine walilia kwa kamasi na mabega. Yeye aliweza kudondosha chozi moja tu, bila uso kutikisika, na ukumbi mzima ukatafuta leso. Miezi saba iliyopita alisafiri kwenda kumzika rafiki yake katika mji wa mbali, pikipiki ikamgonga, mguu ukavunjika mahali pawili, simu ikapotea. Hospitali ya huko ilimjua kwa jina la kwenye kitambulisho, ambalo hakuna mpenzi wa sinema aliyewahi kulisikia. Jumatatu hii alirudi kwake akakuta kufuli geni mlangoni na tingatinga la njano limeegeshwa uani. Alipokwenda ofisi ya usajili kuuliza, karani wa dirishani alimtafuta kwenye kompyuta, akamkazia macho, akamwambia hawezi kuhudumiwa kwa sababu amefariki. Kisha akamwomba asogee kidogo, ampishe mwenye shida.

Inspekta alikuwa ameisikia habari hiyo mara tatu, na kila mara ilimpanda kichwani upya.

Jalada lenyewe lilikuwa jembamba. Cheti cha kifo kilitolewa kwa kiapo cha ndugu wa karibu, na kiapo kiliambatanishwa na karatasi moja: ukurasa uliochapishwa kutoka Nyota wa Jana, wenye kichwa "Hayati Chozi: Jicho Lililotulilia". Ulikuwa na tarehe na picha, na hilo lilimtosha karani. Ndugu wa karibu alikuwa mtoto wa dada yake Chozi, mwalimu, ambaye Chozi alimlea tangu akiwa na miaka minne. Jana yake mwalimu alimweleza Inspekta kwa simu kwamba alimtafuta mama mkubwa wake kila mahali, akakata tamaa, kisha akausoma msiba mtandaoni kama watu wengine. Akalia, akaapa, akarithi nyumba. Kesho saa tatu asubuhi ilikuwa ivunjwe ili ajenge shule ya kompyuta.

Kama alisema kweli, basi naye alikuwa mfiwa aliyedanganywa. Hakimu alikuwa ameliweka jambo hilo wazi asubuhi. Ikiwa ni makosa ya bahati mbaya, Chozi ajaze karatasi za kurekebisha kumbukumbu, nazo huchukua wiki sita. Ikiwa ni kughushi, aletewe ushahidi kabla ya saa tisa mchana na tingatinga halitawashwa. Yote yalirudi kwenye swali moja: nani alikuwa wa kwanza kusema kwamba bibi huyu amekufa? Sasa ilikuwa saa tano na nusu.

"Wiki sita," Chozi alikuwa amemwambia hakimu. "Na hizo wiki sita nitakuwa hai ndani ya nyumba ipi?"

Mhariri alitoka nyuma ya kompyuta yake akijikuna shingo. Alikuwa mzee mwenye nywele zilizopakwa rangi nyeusi mno, na suruali yake ilishikiliwa na kanda za mabegani. Ujanani alikuwa mwendesha mashine katika jumba la sinema.

"Tusije tukaeleweka vibaya, Afande. Sisi tuliandika 'hayati'. Ni neno la heshima hilo. Wengine wangemwita marehemu."

"Hayati gani wewe," alisema Chozi, "na mimi nimekalia msumari wako?"

Sajini, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa kuwa viti vilikwisha, alianza kucheka, akakigeuza kicheko kikawa kikohozi.

"Nionyeshe maombi yake," Inspekta alimwambia msajili.

Chozi alikuwa amewaandikia mara tatu, kwa simu ya muuguzi. Ombi la kwanza lilisema: Mimi ndiye Chozi. Sijafa. Naomba muitoe ile habari. La pili: Nimeshasema sijafa. La tatu lilikuwa neno moja: Nifufueni. Chini ya kila ombi palikuwa na jibu lililojiandika lenyewe. Asante mpenzi msomaji! Ombi lako limepokelewa kwa furaha. Waalike marafiki wakuunge mkono!

"Kwa furaha," alisoma Inspekta.

"Hiyo ni mashine, Afande."

"Hili la kwanza lina kura mbili. Moja ni yake. Ya pili ni ya nani?"

Msajili aliinua mkono nusu. "Yangu. Nilimwonea huruma."

"Uliamini kwamba yuko hai?"

"Niliamini kabisa."

"Ukampa kura."

"Mtambo hauruhusu zaidi ya moja."

Inspekta alikwenda dirishani akasimama huko kidogo, kwa sababu angebaki pale mezani angesema neno ambalo lingeandikiwa barua na wakubwa zake. Miaka ishirini na mbili kazini alikuwa amekutana na wezi, wauaji na mume mmoja aliyemtia mkewe sumu kwenye dawa ya kikohozi, na wote hao aliwaelewa kwa namna fulani. Watu waliomkasirisha kuliko wote walikuwa hawa wapole, wanaoona uovu ukipita mbele yao wakaupa namba.

"Na walioomba aandikwe kama amekufa?" aliuliza bila kugeuka.

"Hao walikuwa arobaini na mmoja, Afande, ndani ya siku tatu. Hatujawahi kupata umati kama ule. Tulifurahi sana..." Msajili alimwona Inspekta amegeuka. "Samahani."

"Nichapishie. Yote, na saa yalipoingia."

Karatasi zilitoka moja moja zikiwa na joto. Inspekta alizipanga mezani kwa kufuata saa zilipotumwa, kisha akataka kuzipanga upya kwa majina, akakuta hana haja.

"Sajini, njoo uone. Wa kwanza jina lake linaanza na A. Wa pili A. Wa tatu B. Siku ya kwanza imeishia H. Siku ya pili imeanzia I."

"Wa mwisho ni Z," alinong'ona msajili.

"Kumbe uliona."

"Niliona. Nikadhani wapenzi wa sinema za zamani ni watu wa mpangilio."

"Na wote hawa wapangilifu wameandika kati ya saa saba na saa nane mchana, siku za kazi. Hata mmoja hana kazi wala chakula cha mchana." Inspekta alivuta karatasi ya juu akasoma kwa sauti. "'Tunaomba historia ya hayati Chozi, aliyefariki hivi karibuni. Hatutasahau alivyodondosha chozi lake moja la jicho la kulia.'"

Gongo liligonga sakafu, na chini yao fundi viatu akaacha kupiga nyundo.

"La kulia?" alisema Chozi. "Ni nani huyo? Jicho langu la kulia halijatoa hata unyevu tangu nizaliwe. Watengeneza sinema walihangaika nalo, vitunguu, pilipili, wapi! Mimi jicho langu la kulia ni la kushoto."

"Ni kweli hiyo," alidakia mhariri, na kwa mara ya kwanza alionekana mtu anayejua kazi yake. "Filamu ile niliionyesha msimu mzima wa mvua, mara mbili kwa siku. Subirini."

Aliitafuta kwenye kompyuta. Kwenye kioo msichana mmoja alikuwa amekaa kando ya simu isiyolia. Kamera ilisimama upande wake wa kushoto, ikaonyesha nusu ile tu ya uso. Chozi likatokeza, likakaa kwenye kope kama lina la kufikiri, likashuka. Bibi mwenyewe hakuangalia kioo cha kompyuta hata mara moja. Alikuwa akiwaangalia wao.

"Jicho la kulia halionekani kabisa," alisema mhariri. "Aliyekaa ukumbini hakuliona, hata angekaa kiti gani."

"Kwa hiyo aliyeandika hakuiona filamu," alisema Inspekta. "Aliona kitu kingine. Mama, kuna mahali popote ulipolia kwa kulia?"

Chozi alifikiri. "Mahali pamoja tu. Picha yangu ya nyumbani, ile ile ya kando ya simu. Fundi aliichapa kinyume, nikatokea naangalia upande mwingine. Nikaiacha hivyo hivyo maana pua ilikaa vizuri. Hiyo haijatoka nje ya nyumba yangu."

Inspekta aligeuka taratibu. "Mhariri. Umewahi kuingia nyumbani kwa mama huyu?"

Kanda za mabegani zilipanda na kushuka. "Mara moja."

"Miaka tisa iliyopita," alisema Chozi. "Alikuja kuomba picha. Akaniuliza ninajisikiaje kuzeeka. Nikamtoa na ufagio."

"Ukakaa na kinyongo," Inspekta alimwambia mhariri. "Ukasubiri. Bibi alipopotea ukajiandikia maombi arobaini na moja, ukajijibu, ukapata wasomaji na kisasi kwa pamoja."

"Hapana! Afande, usome ukurasa wangu! Usome kwanza!" Mhariri aliuonyesha mstari kwa kidole. Uliandikwa wazi: chozi moja la jicho la kushoto. "Wao waliandika kulia. Mimi nikajua ni kosa. Makosa ya wasomaji huwa ninayasahihisha yote."

Inspekta alisoma mstari ule mara mbili. Ilikuwa hoja nzuri, nayo ilimuudhi kuliko hoja mbaya.

"La jicho ukalisahihisha."

"Bila shaka."

"La kifo ukaliacha."

Mhariri alizivuta kanda zake za mabegani.

"Ulijua jicho gani lilitoa chozi kabla wengine humu hatujazaliwa," alisema Inspekta, sauti ikimpanda, "na hukuona haja ya kuuliza kama mwenye jicho bado anapumua! Simu moja. Nyumba unaijua, ulishafukuzwa hapo!"

"Watu arobaini na mmoja, Afande..."

"Mtu mmoja."

"Labda..." Mzee alikuwa akitapatapa sasa. "Labda hakukosea. Jicho la kulia, yaani jicho analolilia. Si ndivyo? Kiswahili ni kipana."

Hilo lilimsimamisha Inspekta. Mtu angeweza kujitetea nalo hata mbele ya hakimu. Alizirudia karatasi, moja baada ya nyingine, kidole kikipita chini ya maneno. Mwandishi alikuwa amejitahidi kuwa watu wengi. Mahali pengine aliandika "tunaomba", pengine "naomba sana", pengine alikosea tahajia makusudi. Lakini jicho liliendelea kuwa la kulia, la kulia, la kulia, hadi karatasi ya thelathini na tatu. Hapo alikuwa ameona amelirudia mno neno lile, akabadilisha.

"'Chozi la jicho la kuume,'" alisoma Inspekta. Akaiinua karatasi mwangani. "Kuume hakuliliwi, mzee. Kuume ni upande. Sajini, hii iweke peke yake."

Kabla hawajatoka alimwamuru mhariri auondoe ukurasa. Mhariri alianza kusema kwamba kuna utaratibu, akamwangalia Inspekta usoni, akauondoa.

Garini Chozi alikaa mbele, mguu wake ukiwa umenyooshwa. Sajini aliendesha polepole kwa ajili ya mguu huo, na Inspekta, aliyekuwa kiti cha nyuma na karatasi mapajani, hakutaka kuuliza alichopaswa kuuliza. Aliuliza.

"Ile picha iliyochapwa kinyume, mama. Iko sebuleni?"

"Zamani. Mwanangu alipoletwa, mama yake ametoka kuzikwa, akawa hawezi kulala. Nikaihamishia chumbani kwake, mbele ya kitanda. Nikamwambia, lala, mimi nakuangalia. Iko huko mpaka leo."

"Kwa hiyo mhariri hakuiona."

"Ataionea wapi? Alifika mlangoni pa sebule tu."

Sajini alibadilisha gia.

"Najua unapoelekea, mwanangu," alisema Chozi. "Nakuona tangu asubuhi unakwepa macho yangu. Si yeye. Mtoto yule ni mwalimu, hana muda hata wa kula mchana, anashinda na zile kompyuta za shule. Nilimtumia ujumbe kwa namba ya muuguzi, haukumfika. Basi. Na hilo la jicho ndilo linalomtoa. Mwingine anaweza kukosea jicho langu, yeye hawezi. Filamu zangu zote kaziangalia akiwa pajani kwangu. Zote! Nilikuwa naingia naye kwa mlango wa nyuma."

Inspekta aliziweka karatasi kando. Alitaka iwe hivyo. Kama mwalimu aliijua filamu, basi kulikuwa na mtu mwingine, mjenzi, jirani, yeyote, na bibi huyu angebaki na mtoto wake.

"Na hiyo ya simu aliiona?"

"Mara ngapi!" Chozi alicheka. "Hiyo ndiyo ilikuwa balaa. Ikifika pale ninapotaka kulia, naye anaanza kupiga mayowe, mama analia, mama analia. Watu wanageuka. Basi nikajua dawa yake. Kabla hatujafika pale namziba macho kwa kiganja, hivi, mpaka nimalize. Ndipo namfungulia."

Aliuinua mkono wake kuwaonyesha. Ulibaki hewani mbele ya kioo cha gari, vidole vimekusanyika. Kisha ukashuka wenyewe ukatulia kwenye gongo.

"Mchelea mwana..." alianza Sajini, akakutana na macho ya Inspekta kwenye kioo cha juu, hakuimalizia methali.

Gari lilisimama nyumbani kwa Chozi.

Nyumba ilikuwa ndogo, ya kuta za rangi ya maziwa, na milango yake ilikuwa imeshang'olewa ikaegemezwa ukutani. Tingatinga lilikaa uani na dereva wake amelala kivulini mwake. Mwalimu alitoka akiwa amebeba boksi. Alikuwa mtu nadhifu, kalamu mbili mfukoni mwa shati. Alipomwona aliyekuwa akishushwa garini boksi lilimtoka mikononi.

"Mama mkubwa!" Alikimbia, akapiga magoti, akaikumbatia miguu ya bibi mahali pale penye maumivu. "Uko hai! Walinidanganya wale wa mtandao! Wamenidanganya!"

"Shikamoo kwanza," alisema Chozi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Inuka, unaniumiza mguu."

Inspekta alimwacha ajifute uso. Wakati huo aliinama kwenye boksi lililoanguka. Juu kabisa kulikuwa na daftari la mahudhurio, na alilifungua palepale, magotini, karatasi zake arobaini na moja zikiwa pembeni. Hakuchukua muda mrefu. A, A, B. Majina yalifuatana hadi Z bila hata moja kuruka zamu.

"Mwalimu, ulisema uliusoma msiba mtandaoni kama watu wengine."

"Ndivyo."

"Walioomba uandikwe ni wanafunzi wako. Darasa zima."

Mwalimu alimeza mate, lakini alikuwa na jibu. "Nilikuwa nawafundisha kujaza fomu. Nilikwambia jana? Sikukwambia? Nilisahau. Wakachagua wenyewe cha kuandika. Watoto, Afande. Walisikia fununu mitaani."

"Saa ya chakula."

"Ndiyo saa maabara inakuwa wazi."

"Na mambo ya lile chozi waliyatoa wapi?"

"Kwenye filamu. Nani asiyeijua?"

"Wewe unaijua?"

"Mimi?" Mwalimu alicheka kwa uchungu wa mtu aliyetukanwa. "Afande, mimi nimekulia pajani kwa nyota mwenyewe. Unaniuliza mimi?"

Inspekta alikuwa na swali linalofuata mdomoni, lakini gongo lilipita mbele yake likamzuia.

"Basi nionyeshe," alisema Chozi. "Usimwonyeshe Afande, nionyeshe mimi. Mama yako analia kwa lipi?"

Mwalimu hakusita. Alikuwa ameliangalia jicho lile kila usiku wa utoto wake. Aliinua kidole akakinyoosha mpaka karibu na uso wa mama mkubwa wake, na kidole kikasimama mbele ya jicho lake la kulia.

Dereva wa tingatinga alikuwa ameamka. Alikaa wima akiwatazama.

Inspekta aliitoa picha kutoka chini ya daftari. Kioo kilikuwa kimepasuka lilipoanguka boksi, lakini msichana alikuwa mle ndani, akiangalia upande ambao hakuwahi kuuangalia katika filamu yoyote.

"Filamu inaonyesha kushoto," alisema. "Maombi arobaini na moja yanasema kulia. Kulia kuko hapa tu, na hii ilitundikwa mbele ya kitanda kimoja. Ule ujumbe wa muuguzi ulikufikia, mwalimu. Ulijua yuko hai. Ukachukua majina ya watoto uliokabidhiwa uwafundishe, ukayatumia kumuua aliyekulea. Kwa fomu! Hukupata hata ujasiri wa kusema uongo huo kwa jina lako."

"Nilitaka shule," alisema mwalimu. "Shule, Afande, si ulevi. Watoto watatu wanagombania kompyuta moja." Alimgeukia Chozi, akawa mdogo ghafla. "Mama mkubwa, daktari alisema mguu katika umri wako... Nilidhani hutarudi."

"Ulidhani?"

"Wallahi nilidhani."

"Uliomba," alisema Chozi. "Tena mara arobaini na moja."

Mwalimu aliinamisha kichwa akajifunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yakimcheza. Chozi alimpa Sajini gongo lake. Alisogea kwa mguu mmoja mzima na mmoja wa hospitali, akaishika ile mikono, akaitoa usoni pa mtoto wa dada yake, mmoja kisha wa pili. Alikuwa na nguvu ambazo Inspekta hakuzitegemea.

"Hapana," alisema. "Leo sikuzibi. Tazama."

Uso wake haukutikisika. Lilitokeza kwenye jicho la kushoto, likakaa kwenye kope, likashuka, moja tu. Inspekta alingoja mpaka lilipofika kidevuni, ndipo akachukua simu kumpigia hakimu. Ilikuwa saa nane na robo.